Gari la Namba A

Mjomba alitutaka tufike Nambilanje kabla mvua hazijaanza. Alimpigia dada yangu aliye Masasi, kisha akanipigia mimi Dar es Salaam, na kwa wote wawili alisema maneno yale yale: "Njooni tuzungumze habari ya gari." Akakata simu. Mjomba akikata simu namna hiyo, huulizi. Unatafuta nauli.

Sisi ni Wamwera, na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mambo yamebadilika sana, baba nao wana sauti, lakini kwenye vikao vya familia yetu mjomba bado ndiye mwenye neno la mwisho na wapwa ndio wenye mali yake kesho. Kwa hiyo gari lile ni la mjomba, na kwa hesabu fulani ya kizamani ni letu pia. Ndiyo maana aliita wapwa.

Ni Land Rover 110 ya mwaka 1995, ya dizeli, nyeupe zamani. Mjomba alilinunua mnadani mwaka 2006, mradi mmoja wa wafadhili ulipofunga kazi huku kusini na kuuza kila kitu, kuanzia makabati hadi magari. Akalisajili kwa jina lake, likapewa namba inayoanza na herufi A. Msomaji wa mjini anajua uzito wa jambo hilo. Tanzania umri wa gari hausomwi kwenye kadi, husomwa kwenye herufi ya namba yake: kuna watu wa namba C, watu wa namba D, na sasa tumefika namba E, ambayo mtu akiipata huosha gari kila asubuhi. Vijana wa bodaboda wa Ruangwa wakilipita gari la mjomba hupiga kelele, "Namba A!" kama wanaomsalimu mzee kwa jina la utani.

Nilifika na hoja yangu mkononi. Nafundisha historia, na njia nzima ya kusini, Kibiti, Daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, nilikuwa naipanga kichwani. Nilitaka gari libaki. Nililijua tangu nikiwa kidato cha pili, nililala ndani yake, niliwahi kutapika ndani yake, nilijifunza gia ndani yake kwenye uwanja wa shule likizo ya Desemba. Lakini huwezi kumwambia mtu wa miaka 74 abaki na gari bovu kwa sababu uliwahi kutapika ndani yake. Nikachukua historia.

Hoja yangu ilianzia jirani kabisa, Nachingwea. Mwaka 1946 Waingereza walikuwa wameshinda vita na hawana mafuta ya kupikia. Majarini ilikuwa ya mgao. Frank Samuel, bosi wa United Africa Company, akatoa wazo kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mitambo mikubwa. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, aje kutazama. Yeye na wenzake walizunguka wiki tisa tu, wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3. Sehemu zilizochaguliwa Tanganyika ni Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Sasa hapo ndipo penye somo la magari. Matrekta mapya hayakupatikana, viwanda vya Ulaya vilikuwa bado vinajikusanya. Wakanunua mitumba ya vita: mitambo iliyoachwa na jeshi la Marekani Ufilipino, mingine Misri, iliyokaa kwenye mvua na chumvi ya bahari. Kampuni ya Vickers ikachukua hata vifaru vya Sherman, ikaving'oa mizinga na kuvigeuza matrekta, yakaitwa Shervick. Chombo kilichoundwa kupigana na Wajerumani kikaambiwa king'oe mibuyu ya Ugogo. Mitambo ilikufa kwa makundi. Spea hazikuwepo, au zilikuja za mashine nyingine, na madereva walikuwa wamefundishwa haraka haraka. Msimu wa kwanza ulipangiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 mradi ukafutwa, na walipakodi wa Uingereza wakabeba hasara ya pauni milioni 36. Nachingwea iliachiwa reli, nayo ikafungwa mwaka 1962. Mashamba yenyewe yalipata kazi nyingine: Farm 17 ikawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, na huko Samora Machel alifundisha jeshi lake. Lakini hiyo ni safari nyingine.

Na miaka ile ile, nikaendelea, uhaba ule ule ulizaa Land Rover. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jeep ya Kimarekani, mabaki ya vita nayo, akiitumia shambani kwake Anglesey, huko Wales. Inasimuliwa kwamba kaka yake, Spencer, alimuuliza atafanya nini jeep hiyo ikimfia. Akatazama huku na huku, hakuona gari la kuchukua nafasi yake, basi wakaanza kuunda la kwao. Chuma kilikuwa cha mgao, wakatumia aluminiamu kwa bodi. Aprili 1948 likaonyeshwa Amsterdam. Bodi ile ya aluminiamu haili kutu, ndiyo maana magari ya zamani ya aina hii yanaonekana bado mazima hata kama ndani yamekwisha. "Mjomba," nikasema, "mitambo ya karanga ilikufa yote. Hili lilizaliwa katika shida ile ile, na likabaki. Ni gari linalotengenezeka kwa nyundo na spana. Tusiliuze."

Tulikuwa chini ya mkorosho, upande wa nyuma wa nyumba. Mke wa mjomba alikuwa anapepeta ufuta. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Yule Mzungu wa jeep," akasema. "Aliulizwa jeep ikifa atafanya nini?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa hiyo hata aliyeliunda hili alikuwa anatafuta la kubadilisha la zamani."

Dada alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilitazama ufuta.

Dada ana akili ya hesabu na alikuja na simu yake imejaa picha za magari ya Japani. Alitaka tuagize. Akatupigia hesabu ya gari lililozidi miaka 10, la injini kubwa, thamani yake pamoja na meli na bima shilingi milioni 12. Ushuru wa forodha asilimia 25: milioni 3. Inakuwa 15. Juu ya hiyo 15, ushuru wa bidhaa asilimia 10, yaani milioni moja na nusu, halafu ushuru wa uchakavu asilimia 30, milioni nne na nusu. Inakuwa 21. VAT asilimia 18 juu ya hiyo 21, karibu milioni 3.8. Jumla karibu milioni 25, kabla ya tozo za reli na bandari na wakala. Serikali inachukua zaidi ya bei ya gari lenyewe. Unaweza kulalamika, na mimi nililalamika, lakini mantiki ipo: nchi haitaki kuwa jalala la magari ya wengine. Ila mantiki hiyo inasimama getini bandarini. Gari likishaingia linaweza kuzeeka litakavyo, hakuna anayelidai uchakavu. Matokeo yake ni kwamba sheria ya kuzuia magari makuukuu inatufanya tung'ang'anie magari makuukuu zaidi. La mjomba lilikuwa limeshapita miaka 28.

Mjomba hakujibu hesabu za dada. Aliingia ndani akatoka na daftari.

Niliwahi kuliona, nikadhani ni la korosho. Ni daftari kubwa la jalada gumu, na tangu mwaka 2006 ameandika humo kila kitu kuhusu gari. Ukurasa wa kushoto, safari: tarehe, kutoka wapi, kwenda wapi, nani alipanda. Ukurasa wa kulia, spea: nozo, klachi, rejeta, mota ya stata, springi, bei ya kila kimoja na gharama ya basi lililokileta kutoka Dar. Safari za wagonjwa amezitia msalaba mdogo kwa kalamu nyekundu. Nimesoma nyaraka nyingi katika kazi yangu, na sijawahi kusoma nyaraka nilizoziogopa kama hizo.

Mwaka 2009 kuna misalaba 31. Mama wajawazito, mtoto aliyeumwa na nyoka, mtu aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, na siku moja maiti kutoka hospitali kurudi nyumbani. Ukurasa wa kulia mwaka huo una mistari miwili tu. Miaka inavyokwenda kushoto kunapungua na kulia kunajaa. Mwaka 2016, mwaka ambao Solihull walisimamisha kutengeneza Defender ya zamani, misalaba 17. Mwaka jana: misalaba 6, na spea mara 14. Nilijumlisha gharama za miaka mitatu ya mwisho. Zilizidi milioni 9.

"Watu wamepona siku hizi?" nikauliza, nusu mzaha. Zahanati zimeongezeka, bodaboda zipo, na mjamzito mwenye dharura anaweza kupigiwa 115 atafutiwe usafiri wa m-mama. Nilidhani hayo ndiyo maelezo.

Mke wa mjomba ndiye aliyenijibu, bila kuacha kupepeta. "Hawabishi hodi tena. Wanaogopa litazima."

Akatusimulia ya Machi. Hatukuwa tumeambiwa. Usiku wa mvua, binti wa jirani mwenye uchungu, gari pekee lililokuwa karibu ni hili. Walimpakia, mama yake pembeni, mjomba kwenye usukani. Kwenye korongo moja kabla ya kupata barabara nzuri ya kwenda Ruangwa, maji yalikuwa ya magotini tu, gari likazima. Si maji. Ni pampu ya dizeli, iliyoandikwa kwenye daftari ukurasa wa kulia mara mbili mwaka huo huo. Mjomba alihangaika nayo kwa tochi ya simu. Simu yenyewe haikuwa na mtandao pale bondeni; kijana mmoja ilibidi apande kilima kutafuta. Mtoto akazaliwa kiti cha nyuma. Alilia vizuri. Mama yake alitoka damu nyingi, na walipofika watu na gari lingine ilikuwa karibu alfajiri. Alipona. Alilazwa siku nyingi, akapona.

"Alipona," mjomba akarudia, kama mtu anayerekebisha kosa la tahajia. Safari ile ipo kwenye daftari. Msalaba wake hakuuweka.

Nilikaa na daftari lile mpaka giza likaingia. Nilikuja kusema kwamba mitambo ya karanga ilikufa na Land Rover ikabaki, na sasa niliona nilivyoisoma vibaya hadithi yangu mwenyewe. Waliokuja na vifaru Kongwa hawakuwa wajinga wa mitambo. Walikuwa na mafundi hodari. Walichukua mashine zilizokuwepo, wakazipenda kwa kuwa zilikuwepo, na kila moja iliposimama wakahesabu itatengenezeka kesho. Aliyekaa London aliona idadi ya mitambo. Idadi ya inayowaka asubuhi aliijua aliye shambani. Mimi Dar es Salaam nilikuwa nahesabu gari moja. Mjomba alikuwa anahesabu misalaba.

Kikao kilikwisha haraka baada ya hapo. Hatukuagiza Japani. Mjomba alishakuwa na gari lake kichwani: Land Cruiser Prado ya dizeli, namba C, ya mfanyabiashara wa ufuta anayetaka kununua lori. Nalo si jipya, ni la miaka mingi. Nilipomkumbusha hilo alisema fundi wa Ruangwa anazo spea zake dukani leo, kabla halijaharibika, na hilo ndilo analonunua. Nusu ya pesa itatoka kwenye korosho za msimu huu kupitia RUNALI, dada ataongeza, mimi nitaongeza. Nilikuwa na hoja moja iliyobaki, kwamba tulihifadhi la zamani pembeni ya nyumba, liwe kumbukumbu. Mke wa mjomba aliuliza kuku watalala wapi. Hakuna aliyeiunga mkono.

Fundi wa Nachingwea alikubali kulichukua kwa ajili ya spea. Nilibaki siku tatu zaidi ili nimsindikize mjomba kulipeleka. Asubuhi hiyo niliwaita vijana wanne waje kusukuma, kwa sababu tangu Julai lilikuwa haliwaki bila kusukumwa. Wakajipanga nyuma, mikono kwenye mlango. Mjomba akazungusha funguo ili tu kuweka taa, na injini ikawaka pale pale, safi, moshi kidogo. Vijana wakashangilia. Mimi nikamgeukia mjomba, nadhani nilikuwa natabasamu.

"Panda," akasema. "Kabla halijabadili mawazo."