Sinema ya Maneno

Kompyuta haina uso wa kukunjamana wala mkono wa kutetemeka. Aitazamaye haoni ila kioo na vibonye. Hivyo msanii atakaye kusimulia habari za mitambo ya zama hizi hukabiliwa na tatizo, maana kazi kubwa ya mitambo hiyo hutendeka mahali pasipoonekana kwa macho. Filamu iitwayo Steve Jobs, iliyotoka mwaka 2015, ilijibu tatizo hilo kwa njia ya kale sana, nayo ni mazungumzo.

Aaron Sorkin, mwandishi wa mchezo huo, alitumia kitabu kinene cha Walter Isaacson cha mwaka 2011, lakini hakukifuata sura kwa sura. Alichagua siku tatu tu: siku ya kuonyeshwa hadharani Macintosh mwaka 1984, kompyuta ya NeXT mwaka 1988, na iMac mwaka 1998. Kila sehemu huchukua kadiri ya dakika 40, na aghalabu hutendeka nyuma ya jukwaa, kabla Jobs hajatokea mbele ya umati. Watu wale wale humjia kila mara, na kila mmoja ana deni lake. Steve Wozniak anadai wahandisi wa Apple II washukuriwe. Lisa, binti aliyekataliwa hapo kwanza, anamdai baba. Kwa madeni hayo mtazamaji huijua mashine kwa kumjua aliyeiuza.

Danny Boyle, mwongozaji, aliyatumikia maneno hayo kwa busara. Sehemu ya kwanza aliipiga kwa utepe wa milimita 16, ya pili kwa milimita 35, na ya tatu kwa kamera ya kidijitali. Hata sura ya picha ikaonyesha miaka ilivyopita. Waigizaji walifanya mazoezi ya sehemu moja na kuipiga picha kabla ya kuiendea nyingine.

Walakini ustadi huo una gharama yake. John Sculley, aliyeondoka Apple mwaka 1993, katika filamu anakutana na Jobs nyuma ya jukwaa mwaka 1998. Mkutano huo ni wa kubuni. Sorkin mwenyewe aliifananisha kazi yake na picha ya kuchora, si ya kamera. Msanii ana haki hiyo. Lakini mazungumzo mazuri hukaa kumbukumbuni kuliko tarehe, na vijana wengi watamjua Jobs kwa maneno ambayo hakuyasema. Basi mwanahistoria asiichukie filamu. Aifuate nyuma, akitenganisha lililotendeka na lililotungwa.