Sharti la Ukazi na Ujumbe wa Baraza la Jiji la Dar es Salaam, 1949–2021

Wanahistoria wa serikali za mitaa nchini Tanzania wamejadili kwa kina ukubwa wa madaraka ya mabaraza ya miji. Swali la nani alistahili kuketi ndani ya mabaraza hayo wamewaachia wanasheria, ilhali nalo lina historia yake. Insha hii inafuatilia sharti moja tu, la ukazi, na kuonesha kwamba katika Dar es Salaam maana yake ilibadilishwa zaidi na uchoraji wa mipaka kuliko na marekebisho ya sheria.

Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, wajumbe wa mwanzo wa baraza lake waliteuliwa na serikali ya kikoloni. Katika siasa za wakati huo, kuishi mjini peke yake hakukumpa Mwafrika sauti. Hata kwa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu, mpiga kura alipimwa kwa elimu, kipato cha pauni 150 kwa mwaka au wadhifa maalumu. Hivyo, kumwona Sheikh Kaluta Amri Abedi akiwa meya wa kwanza Mwafrika mwaka 1960 kulikuwa na uzito usiofutika. Mshairi huyu, mtunzi wa kitabu cha kanuni za utungaji wa mashairi ya Kiswahili, alikuwa mzaliwa wa Ujiji. Mji wa wahamiaji ulipata meya mhamiaji, na ukazi ukatenganishwa waziwazi na asili.

Jiji lilipata hadhi hiyo tarehe 10 Desemba 1961. Muongo mmoja baadaye, sera ya Madaraka Mikoani ya 1972 iliyaondoa mabaraza, na kwa miaka kadhaa suala la sifa za ujumbe halikuwa na maana, kwa kuwa hapakuwa na baraza la kuingia. Huduma za mijini zilizorota kiasi kwamba sheria ya mpito ya 1978 ikayarejesha mabaraza ya miji, na Sheria Namba 8 ya 1982 ikayapa msingi wa kudumu.

Kati ya sheria hizo mbili ilitungwa Sheria ya Uchaguzi ya Serikali za Mitaa, Namba 4 ya 1979. Pamoja na uraia, umri wa miaka 21 na uwezo wa kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, sheria hiyo ilimtaka mgombea udiwani awe mkazi wa kawaida wa eneo la mamlaka husika. Izingatiwe kwamba ilitaja eneo la mamlaka, si kata. Wakati Dar es Salaam ilipokuwa halmashauri moja, mkazi wa Oysterbay hakuzuiwa na sharti hili kugombea kata ya Mbagala. Ibara ya 67 ya Katiba ya 1977, inayotaja sifa za mbunge, haina sharti la ukazi hata kidogo. Hata hivyo, mbunge wa jimbo lililomo ndani ya halmashauri ni mjumbe wa baraza lake. Ukumbi mmoja, basi, ulikuwa na vipimo viwili.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja mwaka 1996. Serikali ilivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, iliyoendesha shughuli hadi mwaka 2000. Wajumbe wa Tume walipata nafasi kwa uteuzi, si kwa kura za wakazi. Ni jambo la kusumbua kwa yeyote anayeamini kwamba ukaribu na wananchi ndio chanzo cha utendaji: wengi waliikumbuka Tume kwa uzoaji wa taka na ukarabati wa barabara, kazi zilizokuwa zimewashinda waliochaguliwa. Mwaka 2000 Keenja mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Ubungo, na sifa aliyoipata bila kura ikathibitishwa kwa kura.

Mwaka huohuo jiji liligawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Neno "mkazi" katika sheria halikuguswa, lakini eneo lake lilipungua. Mkazi wa Oysterbay aliendelea kuwa na sifa ya kugombea Tandale, iliyo Kinondoni, akaikosa kwa Mbagala. Na mkazi wa Kimara, baada ya Ubungo kujitenga, akaikosa kwa Tandale. Juu ya manispaa ilibaki Halmashauri ya Jiji isiyo na kata zake, iliyoundwa na wajumbe kutoka chini. Uchaguzi wa meya wa jiji wa 2016 uliahirishwa mara kadhaa katika mabishano juu ya wajumbe halali wa kupiga kura, kabla ya Isaya Mwita wa CHADEMA kuchaguliwa mwezi Machi. Kwa kiasi fulani, mabishano hayo yalikuwa malipo ya vipimo viwili vilivyoachwa bila kuoanishwa.

Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri hiyo, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kuanzia hapo, mkazi wa Oysterbay, Kimara au Mbagala, ambaye barua zake bado zilikuja kwa anwani ya Dar es Salaam, hakuwa tena na sifa ya ukazi ya kugombea udiwani katika Jiji la Dar es Salaam.