Lenzi kuukuu yatosha kunasa mdudu

Mpiga picha anayetaka kunasa mdudu au ua kwa karibu halazimiki kununua lenzi mpya ya bei ghali. Micro-Nikkor ya milimita 55, f/3.5, ya miaka ya 1970, hulengwa kwa mkono na hunasa kitu kwa nusu ya ukubwa wake halisi. Ikiongezewa neli ya milimita 27.5, hufikia ukubwa kamili.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aimulike kwa tochi kubaini kuvu, ahakikishe vibati vya tundu la mwanga havina mafuta na pete ya kulengea inazunguka bila kukwama.

Hata hivyo, zilizotengenezwa kabla ya mfumo wa AI wa mwaka wa 1977 zaweza kuharibu baadhi ya kamera za Nikon zilizofuata. Kamera za kidijitali zisizo na kioo cha ndani huzipokea salama kwa adapta.