Wakazi Walihama, Uhalifu Ukabaki

Miaka ya 1920, katika ofisi ya utafiti mjini Chicago, Clifford Shaw na Henry McKay walikuwa na ramani ya jiji na majalada ya watoto waliofikishwa mahakamani. Kwa kila mtoto walitafuta nyumba aliyokuwa akiishi, wakatia nukta. Jalada baada ya jalada, nukta zikafika maelfu, na zikaanza kuwakanusha wataalamu waliokwisha kuueleza ulimwengu, bila wasiwasi, kwa nini mtoto huiba.

Aliyesikika zaidi miongoni mwao alikuwa Cesare Lombroso, daktari wa Italia. Kitabu chake cha mwaka 1876 kilidai kwamba kuna watu wanaozaliwa wahalifu. Ushahidi wake mkuu ulikuwa fuvu la Giuseppe Villella, mfungwa kutoka Calabria, jimbo maskini la kusini. Kisogoni mwa fuvu hilo Lombroso aliona kishimo kisicho cha kawaida kwa binadamu, akahitimisha kwamba mhalifu ni kiumbe aliyerudi nyuma, karibu na mnyama. Akaendelea kupima taya, masikio na urefu wa mikono ya wafungwa.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema wazee wetu, na Lombroso aliipa fikra hiyo vipimo na heshima ya sayansi. Naamini ilipendwa kwa sababu iliwatua wakubwa mzigo: ubaya ukiwa ndani ya mfupa, nani atauliza habari za njaa ya Calabria? Mwaka 1913 Charles Goring, daktari wa magereza ya Uingereza, alitoa vipimo vya wafungwa wapatao 3,000, akavilinganisha na vya watu huru wakiwemo askari na wanafunzi wa vyuo vikuu. Hakumwona huyo mhalifu wa kuzaliwa. Hata hivyo Goring naye hakuachana na urithi. Alilaumu akili pungufu ambayo, kwa maoni yake, mtu huipata kwa wazazi.

Marekani hoja ya damu ikageuka kuwa hoja ya asili ya mtu. Chicago ilikuwa na watu 112,000 hivi mwaka 1860. Kufikia 1930 walizidi milioni 3. Machinjio, reli na viwanda vya chuma viliwavuta Wajerumani na Waairishi, kisha Wapoland na Waitalia, kisha Wamarekani Weusi waliokimbia mateso ya kusini. Kila kundi lililoingia liliambiwa limekuja na uhalifu wake.

Tarehe 3 Julai 1899 jiji hilo lilifungua mahakama ya watoto, ya kwanza nchini Marekani, baada ya wanawake wa mji, wakiwemo wenzake Jane Addams wa Hull House, kuipigania kwa miaka mingi. Walitaka mtoto asiwekwe tena selo moja na watu wazima. Pamoja na huruma hiyo, mahakama ilizaa kumbukumbu: umri wa mtoto, kosa lake, anwani ya kwao. Shaw alizijua karatasi hizo vizuri, kwa kuwa aliwahi kuwa afisa wa kuwaangalia vijana walioachiwa na mahakama na magereza.

Nukta zilisongamana karibu na katikati ya jiji na kandokando ya viwanda, zikapungua kadiri mtu alivyosogea pembeni. Mwalimu wao, Ernest Burgess, alikuwa ameshaueleza ukanda huo wa katikati. Wenye nyumba hawakarabati, kwani wanangoja biashara ipande wauze kiwanja. Kodi inakuwa rahisi, mgeni anapanga hapo, akipata senti anahama. Majirani hawakai muda wa kutosha kujuana, seuze kuonyana watoto.

Jambo zito zaidi lilijitokeza walipolinganisha miaka. Walichukua wavulana 8,056 waliofikishwa mahakamani kati ya 1900 na 1906, kisha wa 1917 hadi 1923, kisha wa 1927 hadi 1933. Mitaa iliyoongoza mwanzoni, kwa sehemu kubwa, ndiyo iliyoongoza mwishoni, ilhali waliokuwa wakiishi humo walikuwa wamebadilika, taifa moja likitoka na jingine likiingia. Na wale waliohamia pembeni, watoto wao hawakuendelea kujaza majalada kwa wingi ule. Kama uhalifu ungekuwa wa damu ya Mpoland, ungehama naye.

Shaw alitaka pia kusikia nukta zikisema. Mwaka 1930 alichapisha maisha ya kijana aliyempa jina Stanley, yakisimuliwa na kijana mwenyewe: mama alikufa angali mdogo, mama wa kambo akamtuma kuiba sokoni na kwenye mabehewa, na alipokua akawa mporaji wa walevi. Shaw alimtafutia makazi katika mtaa mwingine pamoja na kazi, na Stanley akaacha uporaji. Miaka michache baadaye ulianza mpango wa Chicago uliowapa wakazi wenyewe usimamizi wa viwanja vya michezo, kambi za vijana na mapokezi ya wanaotoka kifungoni.

Ramani ilikuwa na kasoro, nayo si ndogo. Ilionyesha waliokamatwa, na polisi hawapigi doria mitaa yote sawasawa. Mtoto wa tajiri akivunja dirisha, baba hulipa na jalada halifunguliwi. Tena, simulizi ya mgeni anayepata senti akahama haikumfaa Mmarekani Mweusi. Yeye, hata akiwa na fedha, alikuta mikataba ya nyumba iliyokataza asiuziwe wala kupangishwa. Mtaa ulimfungia kwa sheria, na hilo wanazuoni wa Chicago hawakulipa uzito uliostahili.

Mwaka 1995 Robert Sampson na wenzake walirudi Chicago, wakawahoji wakazi 8,782 katika maeneo 343. Waliuliza, kwa mfano: watoto wakitoroka shule na kukaa kijiweni, majirani wako watafanya jambo? Palipokuwa na majirani wanaoaminiana na walio tayari kuingilia kati, ukatili ulikuwa mdogo, hata umaskini ulipozingatiwa katika hesabu. Utayari huo wenyewe ulikuwa haba pale umaskini ulipolundikwa pamoja na watu walipohamahama.