Dawa ya gadoliniamu katika MRI: Manufaa na hatari zake

GADOLINIAMU ni metali inayotumika katika dawa ambayo mgonjwa hudungwa mshipani ili picha za mashine ya MRI zionekane wazi zaidi. Kwa msaada wake, daktari huweza kutambua uvimbe wa ubongo, hitilafu za mishipa ya damu au maradhi ya ini ambayo pengine yangejificha. Dawa ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1988.

Ikiwa peke yake, metali hii ni sumu kwa kuwa huvuruga kazi ya kalsiamu mwilini. Ndiposa hufungwa ndani ya molekuli nyingine inayoizuia kuponyoka hadi itolewe kwa mkojo. Mtu mwenye figo zenye afya huondoa nusu ya dawa hiyo kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa aliye na figo zilizodhoofika sana, muda huo waweza kupita saa 30, na kadiri dawa inavyokawia ndivyo metali inavyopata nafasi ya kuchopoka.

Mwaka 2006, matabibu wa Austria na Denmark walihusisha dawa hizi na ugonjwa unaofanya ngozi kuwa ngumu na viungo kukakamaa, na ambao waweza kuua. Waathiriwa walikuwa wagonjwa wa figo. Mwaka uliofuata, Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kwenye dawa hizo.

Usalama hutegemea namna metali ilivyofungwa. Molekuli za muundo wa pete huishika imara kuliko zile za muundo wa mnyororo. Mwaka 2014, watafiti wa Japani walieleza dalili za mabaki yake katika ubongo wa watu waliodungwa mara nyingi. Ingawa haijathibitishwa kwamba mabaki hayo hudhuru ubongo, mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulisimamisha dawa za mnyororo za kudungwa mshipani, isipokuwa mbili zilizobakishwa kwa uchunguzi wa ini pekee.

Kabla ya kudungwa, mgonjwa yafaa amweleze daktari iwapo ana maradhi ya figo, ni mjamzito, amewahi kudhuriwa na dawa kama hiyo, au amedungwa hivi karibuni. Kipimo cha damu huonyesha hali ya figo. Hata hivyo, si busara kukataa uchunguzi unaohitajika kwa hofu tu, kwani ugonjwa usiotambuliwa mapema huenda ukamgharimu mtu maisha.