Viungo Visivyotiwa Kwenye Pilau

Nilipomwambia shangazi yangu wa Ujiji kwamba naandika makala kuhusu elimu ya viungo, aliacha kupeta mchele akanitazama. "Viungo gani, baba? Iliki au mdalasini?" Hakuwa anatania. Amepika pilau za maulidi tangu sijazaliwa, na kwake viungo ni vitu vinavyokaa koponi juu ya kabati. Nikamweleza kuwa ni somo la shuleni, la kukimbia, kuruka, kunyoosha mgongo. "Aa, michezo!" akasema, akarudi kwenye ungo wake. "Sasa hiyo nayo ni elimu?"

Alikuwa ameuliza maswali mawili ambayo wanaistilahi wamekuwa wakiyazunguka kwa miaka mingi. Viungo ni nini? Na michezo ni elimu?

Tuanze na viungo, kwa sababu neno lenyewe ni tamu. Mzizi wake ni kuunga. Kiungo cha mwili kwanza ni pale mfupa unapokutana na mwenzake: goti, kiwiko, nyonga, bega. Kisha maana ikapanuka, ikameza mkono mzima, jicho, hata figo. Kiungo cha jikoni nacho kinaunga, maana mchuzi usioungwa ni maji ya moto tu. Na uwanjani kiungo ni yule mchezaji wa kati anayewaunga mabeki na washambuliaji. Tarehe 25 Julai 2021, Simba ilipoifunga Yanga 1-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, hapa hapa Kigoma, bao lilitoka kwa kiungo mkabaji, Mganda Taddeo Lwanga. Jioni ile mji wote, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, ulikuwa unazungumza habari za viungo. Sidhani kama kuna aliyekumbuka kipindi cha shule.

Kwa nini basi waliotafuta jina la somo hili hawakusema tu "elimu ya mwili"? Kiingereza hapo kinatumia neno lenye asili ya Kigiriki, physis, yaani maumbile, ambalo baadaye lilibana likamaanisha mwili. Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa mwili bila taabu. Nadhani kilichozuia ni masikio yetu. Katika Kiswahili mwili una jirani yake wa kudumu, naye ni roho. Mtu akianza kusema "mambo ya mwili" mbele ya shehe au padri, wasikilizaji wanainamisha vichwa. Isitoshe, elimu ya mwili ilikuwepo kabla ya shule, na walimu wake walikuwa makungwi na mangariba. Ukimwambia mzazi binti yake anafundishwa elimu ya mwili, atataka kujua ni nani anayemfundisha na kwa ruhusa ya nani. Viungo vilikuwa neno salama. Havina aibu. Kasoro yake ni moja: vinamkata mtu vipande. Somo linalotaka mtoto mzima linaitwa kwa jina la magoti na viwiko.

Kiarabu kilitupa nafasi nyingine, tukaitumia nusu. Riyadha kwa Waarabu ni mazoezi na michezo yote, na mzizi wake ulitumika kwa kumfuga na kumzoesha farasi mbichi. Masufi wakalichukua kwa mazoezi ya kuifuga nafsi. Ujiji, mji wa dhikiri za Kadiriya, ungeweza kuelewa upesi neno linalobeba kwa pamoja mwili unaotembezwa na nafsi inayotulizwa. Lakini lilipotua kwetu likawa riadha: mbio, mitupo na miruko basi. Filbert Bayi alipokimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 kule Christchurch mwaka 1974, akaweka rekodi ya dunia, hiyo ilikuwa riadha. Mtoto wa darasa la pili anayejifunza kusimama kwa mguu mmoja bila kuanguka hayumo humo.

Ndipo likaja neno michezo, nalo likashinda kwa wingi wa kura. Angalia majina ya masomo yenyewe. Mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Haiba na Michezo. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 una Sanaa na Michezo kwa darasa la tatu hadi la sita. Haiba ilikuwa jirani mwenye heshima, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ni ule utukufu unaomfanya mtu aogopwe kidogo anapoingia barazani. Sanaa ni jirani mchangamfu zaidi. Lakini katika majina yote mawili michezo imekaa nyuma ya kiunganishi "na", kama mgeni aliyekuja na mwenzake harusini.

Tena neno lenyewe lina kesi ya kujibu. "Usilete mchezo" maana yake acha utani. "Hana mchezo" ni sifa ya mtu makini. Kazi iliyofanywa kimchezomchezo itarudiwa. Lugha imekwisha kutoa hukumu kabla mwalimu hajapuliza filimbi, na shangazi yangu alikuwa anaisoma tu hukumu hiyo. Halafu tunashangaa mitihani inapokaribia na kipindi cha michezo kinakuwa cha kwanza kugeuzwa kipindi cha hisabati.

Kuna jina jingine, utalisikia kwa walimu waliosomea fani hii katika vyuo vya ualimu kama Butimba, Mwanza: elimu kwa michezo. Neno lile lile la michezo, ila kihusishi kimebadilika, na kwangu hapo ndipo penye uzito wote. Elimu ya viungo inasema kinachofundishwa. Elimu kwa michezo inasema njia ya kufundishia. Katika "ya", mwili ndio shamba linalolimwa: moyo, mapafu, misuli, mifupa. Katika "kwa", mchezo ni jembe, na shamba ni mtu mzima, pamoja na hasira zake na uoga wake na namna anavyowatendea wenzake. Mwalimu wa "ya" atauliza kama mtoto amekimbia. Mwalimu wa "kwa" atauliza pia aliyeshindwa alifanya nini baada ya kushindwa.

Mbishi atasema nabishania silabi. Lakini dunia nayo ilizibishania. UNESCO ilipopitisha hati yake ya kimataifa mwaka 1978, iliipa jina lenye "elimu ya viungo na michezo", kwa "na", vitu viwili. Ilipoipitia upya mwaka 2015 ikaongeza cha tatu, yaani shughuli za mwili kwa jumla. Hati inatamka kuwa vitu hivyo ni haki ya msingi ya kila mtu. Wa kila namna, si wa kikosi cha kwanza tu.

Niliwahi kulijaribu dai hilo la haki kule Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, asubuhi, mitumbwi ikiwa imerudi na dagaa wa usiku. Kulikuwa na giza la mwezi, kwa hiyo uvuvi ulikuwa umekubali. Wavuvi wenyewe walikuwa bado wanakunja nyavu, wawili wawili, mmoja akivuta na mwenzake akipokea, migongo ikiinuka na kushuka kama inaongozwa na ngoma isiyosikika. Mama mmoja alikuwa anatandaza dagaa kwenye chanja, akiwarusha kwa kiganja ili wasilaliane. Nikamuuliza habari ya michezo shuleni kwa mwanawe. Hakunyanyua kichwa. "Mwanangu anachota ndoo nne kabla ya kengele, mwalimu. Anapanda na kushuka mlima ule. Sasa mkimkimbiza tena huko shuleni, jioni atanisaidia nani?"

Sikuwa mwalimu, lakini nilistahili swali. Na jibu lake si jepesi. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili hadi pumzi ibadilike. Mtoto wa Kibirizi amekwisha kuzipata kabla ya saa moja asubuhi. Ukipima kwa "ya" peke yake, mama yule ameshinda kesi.

Lakini ndoo ina somo moja tu, nalo ni lile lile kila siku: shingo imekaza, mzigo juu, hatua fupi. Mfupa wa mtoto hujijenga kwa kufuata kazi unayopewa. Unataka pia kuruka na kutua, kugeuka ghafla, kuning'inia, kurusha. Ndoo haimpi nafasi ya kuamua kitu, kwa kuwa ukiamua vibaya maji yanamwagika na unarudi ziwani. Wala haimfundishi kwa nini mgongo unauma na afanye nini usiume. Kazi inautumia mwili wa mtoto. Elimu inamrudishia mtoto mwili wake, aujue. Nilimwambia mama yule kwa maneno machache kuliko haya, naye akasema, "Basi wamfundishe kubeba vizuri." Sijasikia muhtasari bora wa somo hili.

Mvutano huo wa kazi na somo una historia. Mwaka 1967 nchi hii ilipanga mambo mengi kwa mkupuo. Mwezi Machi Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, jembe likaingia rasmi shuleni. Mwaka huo huo zikatungwa sheria mbili zilizounda Baraza la Michezo la Taifa na Baraza la Kiswahili la Taifa. Shule, mwili na lugha, vyote vikapata mlezi ndani ya miezi kumi na miwili. Lakini walezi waliishi nyumba tofauti. Jembe lilichukua alasiri, mashindano yakachukua Jumamosi, na asubuhi ikabaki na mchakamchaka: kundi zima la watoto mbioni kabla jua halijakolea, mmoja akiimbisha na wengine wakijibu, vumbi nyuma yao. Mchakamchaka haukumwacha mtu. Mzito, mwembamba, mvivu, wote walikuwamo, na aliyechoka alibebwa na wimbo. Halaiki nayo ilikuwa hivyo. Jina lake lenyewe ni umati, viumbe wengi kwa pamoja, na kwenye sherehe za kitaifa mtoto mmoja asipoinua mkono picha nzima inaharibika.

UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya shule za msingi na ya sekondari, yana kazi nyingine. Yanachuja. Shule inachuja kwenda kata, kata kwenda wilaya, mpaka wabaki wachache wanaopanda basi la mkoa. Sina ugomvi na mashindano, na Kigoma ina haki ya kujivunia. Leo Mashujaa FC inacheza Ligi Kuu na watoto wa hapa wanawaona mashujaa wao bila kusafiri. Ugomvi wangu ni pale mchujo unapochukua nafasi ya somo. Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, kipindi cha michezo kilikuwa mpira mmoja, wavulana ishirini na wawili, na sisi wengine kivulini. Mimi nilipewa cheo: mlinzi wa kandambili. Kwa miaka mitatu nilijua kandambili za kila mtu kwa jinsi zilivyolika kisigino, na sikufundishwa hata jinsi ya kudaka.

Na kuna jambo ambalo hapa pwani ya ziwa linanikera kuliko kandambili. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Mchanga wa Ujiji unashuka taratibu, mtoto anakwenda, anakwenda, halafu hakuna chini. Wengi hujifunza kuogelea kwa kaka zao, kwa kusukumwa kutoka kwenye mtumbwi na kucheka baadaye. Wasichana wengi hawasukumwi wala hawafundishwi. Kuelea chali, kutoa pumzi majini, kutulia mguu ukikamatwa na msuli, hayo yanafundishika kwa wiki chache, mahali penye maji ya magoti. Ni michezo? Ni viungo? Hapo majina yote mawili yanapwaya, na ningekubali hata "elimu ya mwili" pamoja na aibu zake zote.

Lakini nikilazimishwa nichague, nitachagua elimu kwa michezo, kwa ajili ya kile kihusishi, na niendelee kupigana na sifa mbaya ya mchezo nikiwa ndani ya nyumba yake.

Jioni niliyoagana na shangazi nilipita uwanja wa shule karibu na soko. Wavulana walikuwa wamemaliza mpira, wametawanyika. Wasichana watano walikuwa wanacheza rede. Wawili wamesimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi kuukuu, watatu katikati wanaukwepa. Chini palikuwa na chupa tupu ya maji. Wa kwanza akapigwa begani, akatoka. Wa pili akapigwa goti. Aliyebaki, mfupi, sketi kaifunga fundo pembeni, alikuwa anachuchumaa, anatia konzi ya mchanga chupani, ananyanyuka, anajipinda, mpira unapita sikioni, anachuchumaa tena. Waliotoka walikuwa wanampigia kelele ni upande gani mpira unatokea. Jicho, goti, pumzi, hesabu ya mchanga, sauti za wenzake, vyote kwa wakati mmoja. Chupa ikajaa, akaisawazisha kwa kiganja, na wenzake wakarudi ndani.

"Shikamoo, anko," akasema aliponiona nimesimama.

"Marahaba. Hiki ni kipindi gani?"

"Si kipindi, anko. Cha michezo kimeisha, wamecheza wavulana." Akafuta mchanga kwenye sketi. "Sisi tunacheza tu."