Pinboli: nani anachagua muziki?

Leo siandiki siasa. Najua wapo waliozoea kuja hapa kusoma nani kasema nini bungeni, hao wanivumilie kidogo. Leo naandika kuhusu pinboli, lile sanduku lenye kioo juu na taa ndani, ambalo gololi ya chuma inagongwagongwa humo huku na kule mpaka itumbukie. Swali langu ni moja tu: mashine ikiwekwa mahali pa watu na ikawa inapiga muziki, nani ana haki ya kuuchagua muziki huo?

Usicheke. Kila aliyepanda daladala anaujua ugomvi huu. Dereva na konda wanachagua, abiria analipa nauli na kusikiliza. Ukilalamika utaambiwa ukanunue gari lako. Basi kwenye pinboli swali hilo hilo limechukua karibu miaka 80 kupata jibu, na jibu lenyewe lina mambo ndani yake.

Tuanze mwanzo. Babu wa pinboli ni bagateli, mchezo wa mezani wa Ulaya ambapo unasukuma kimpira kwa fimbo kiingie kwenye vishimo vilivyozungushiwa misumari. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia Cincinnati, Marekani, alipata hataza ya kuuboresha mchezo huo kwa kuweka springi ya kurushia mpira. Mwaka 1931, dhiki ya uchumi ikiwa imewabana Wamarekani, David Gottlieb wa Chicago akatoa Baffle Ball. Ilikuwa haina umeme wala vile vikono vya kupigia gololi (vikono vilikuja mwaka 1947 kwenye Humpty Dumpty, ya kampuni hiyo hiyo ya Gottlieb). Sauti pekee ilikuwa ya gololi kugonga msumari.

Mwaka 1933 Harry Williams akaleta Contact, iliyotumia betri. Gololi ikiingia kwenye shimo maalumu, sumaku ya umeme iliirusha itoke, na kengele ikalia. Kengele tu. Lakini kuanzia hapo mashine ilikuwa na mdomo, na watu wote kwenye baa walijua kuwa fulani amepata.

Sasa tumwangalie ndugu yake, yaani jukiboksi. Tarehe 23 Novemba 1889, Louis Glass aliweka fonografu ya sarafu kwenye baa ya Palais Royale, San Francisco. Ilikuwa na mirija ya kusikilizia, unatumbukiza senti zako na kuweka sikio. Wimbo hukuchagua, ulipewa uliopo. Ilibidi miongo ipite ndipo mteja apate vitufe vya kuchagulia, na mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Seeburg ikatoa jukiboksi yenye nyimbo 100 za kuchagua.

Mashine hizi mbili ni ndugu wa damu. David Rockola, ambaye jina la kampuni yake Rock-Ola halina uhusiano na muziki wa roki (ni jina la ukoo wake), alianza na mizani ya sarafu, akatengeneza pinboli miaka ya mwanzo ya 1930, na mwaka 1935 akaingia kwenye jukiboksi. Mwaka 1964 Seeburg, watu wa jukiboksi, waliinunua Williams, kampuni ya pinboli iliyoanzishwa na yule yule Harry Williams. Kwenye baa ziliwekwa ukuta mmoja, na mara nyingi mtu mmoja ndiye aliyepita kukusanya sarafu za zote mbili. Tofauti ni kwamba sarafu yako kwenye moja ilikupa haki ya kuchagua wimbo, na kwenye nyingine ilikupa haki ya kucheza tu.

Jambo lingine lililozitenganisha ni sheria. Mwaka 1942 Meya Fiorello La Guardia aliipiga marufuku pinboli New York, akisema ni kamari inayowaibia watoto. Polisi walikamata maelfu ya mashine na picha za wakubwa wakizivunja kwa nyundo zilienea magazetini. Marufuku ilidumu mpaka 1976, na aliyesaidia kuiondoa ni mwandishi wa habari, Roger Sharpe, aliyecheza mbele ya madiwani akawaonyesha kuwa huu ni mchezo wa ustadi. Alisema gololi itapita wapi, akaivuta springi, ikapita pale pale. (Fani yetu nayo ina faida zake, jamani.)

Turudi kwenye sauti. Pinboli za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na kengele za vibao vya chuma, kwa kawaida vitatu, kila kibao na sauti yake. Kimoja kililia kwa pointi 10, kingine 100, kingine 1,000. Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Sauti ile haikuwa pambo. Mchezaji hawezi kuinua macho kusoma pointi huku gololi inakimbia, kwa hiyo alisoma kwa masikio. Mashine ilikuwa inamtangazia mechi yake mwenyewe, kama mtangazaji wa mpira redioni.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaja mashine za kielektroniki. Mwaka 1979 Williams walitoa Gorgar, pinboli ya kwanza kuongea, yenye maneno saba tu kwenye msamiati wake na mapigo ya moyo nyuma yake. Na kwenye mashine nyingi za Bally za wakati huo kukawa na jambo jipya: mipangilio ya sauti. Ungeweza kuiamuru mashine itoe milio ya kuiga kengele za zamani, au itoe milio mipya ya kielektroniki. Ila mipangilio ilikuwa nyuma ya mlango wenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwenye mashine. Umeona? Uchaguzi wa kwanza kabisa wa sauti ya pinboli alipewa konda, abiria bado.

Wakati huo muziki wenyewe ulikuwa unabisha hodi. Kundi la The Who lilikuwa limetoa Tommy mwaka 1969, hadithi ya kijana bingwa wa pinboli. Filamu yake ilipotoka mwaka 1975 Bally walitoa mashine ya Wizard!, na mwaka 1976 wakatoa Captain Fantastic, yenye picha ya Elton John kwenye kioo. Ziliuzwa zaidi ya 16,000. Lakini sikia kichekesho: mashine ya mwanamuziki mkubwa duniani ilikuwa inapiga kengele. Mwaka 1979 ikaja ya kundi la KISS, nayo ilijitahidi kupiga vipande vya nyimbo zao kwa milio ya kielektroniki iliyofanana na ile ya simu zetu za kwanza za mkononi.

Mapinduzi yalikuja mwaka 1986. Steve Ritchie wa Williams alitengeneza High Speed, akiongozwa na kisa cha kweli cha yeye kufukuzwa na polisi akiendesha gari kwa kasi. Ukiwasha taa za barabarani mpaka zikawa nyekundu kisha ukazipita, ving'ora vinalia na muziki unabadilika kuwa wa kukimbizwa. Williams walianza kutumia chipu ya Yamaha ya kutengenezea muziki, na watunzi wakaajiriwa kwa kazi hii. Mwaka 1992 ikaja The Addams Family iliyouzwa zaidi ya 20,000, na mwaka 1993 Twilight Zone, muziki wa zote mbili ukiwa na mkono wa Chris Granner. Muziki wa pinboli sasa ulikuwa umefungamana na mchezo. Unajua umebakiza lengo moja kwa kusikia ngoma zikipanda. Unajua umepoteza nafasi kabla macho hayajakuambia.

Kisha soko likaanguka. Oktoba 1999 Williams walifunga kitengo chao cha pinboli, na kwa miaka iliyofuata Stern Pinball ya Chicago ilibaki karibu peke yake duniani. Mashine zikahama kutoka baa kwenda sebuleni na kwenye magereji ya wapenzi wake. Na mtu akishakuwa na mashine nyumbani, ule ufunguo wa mlango anao yeye!

Hapa kwetu wengi tuliijua pinboli kwa njia nyingine, kwenye kompyuta. Kumbuka Space Cadet, ile iliyokuja na Windows XP, iliyowapotezea waajiri saa zisizo na idadi. Ilitokana na mchezo wa Full Tilt! Pinball wa Maxis wa mwaka 1995. Wengi hawakujua hata kama ina muziki, kwa sababu ilibidi uuwashe mwenyewe kwenye menyu. Na waliochimba zaidi waligundua kuwa muziki ni faili tu la MIDI, PINBALL.MID, lililokaa ndani ya folda ya mchezo. Ukitoa lile ukaweka lako kwa jina hilo hilo, gololi inacheza kwa wimbo wako. Hakuna aliyeomba ruhusa, na Microsoft hawakuandika popote kuwa huo ni uhuru wako. Ni mlango uliosahauliwa wazi. Windows Vista ilipokuja mchezo haukuwemo, na mwaka 2012 mhandisi wa Microsoft, Raymond Chen, alieleza kwamba walishindwa kuuhamishia kwenye mfumo wa biti 64: gololi ilikuwa inapenya vitu badala ya kuvigonga.

Kwenye mashine za kweli kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa maana sauti zilifungiwa ndani ya chipu. Lakini bodi za sauti za miaka ya 1980 na 1990 zilianza kufa, na vipuri vikawa adimu. Miaka ya 2010 Wafaransa wa PinSound wakaja na bodi mbadala: unachomoa ya zamani, unachomeka yao, na sauti zote zinasomwa kutoka kwenye flashi kama faili za kawaida. Unaweza kuweka zile za asili. Unaweza pia kuweka zako, au muziki wa asili uliopigwa upya na mashabiki kwa ala za kweli. Kwa hiyo kitu kilichoanza kama dawa ya mashine mgonjwa kikageuka uhuru wa mchezaji.

Halafu mwaka 2012 viwanda vyenyewe vikakubali. Stern walitoa AC/DC, mbunifu akiwa Steve Ritchie yule yule na programu ikiandikwa na Lyman Sheats (alifariki mwaka 2022). Kabla ya kurusha gololi unachagua wimbo, kati ya 12, kwa vitufe vya pembeni. Na wimbo unaochagua unabadilisha kanuni za kupata pointi. Ndugu wawili waliotenganishwa tangu enzi za Rockola wakaingia kwenye sanduku moja. Mwaka 2020 Jersey Jack Pinball wakaendeleza kwa Guns N' Roses, Slash mwenyewe akishiriki kuitengeneza, ikiwa na nyimbo 21 za kundi hilo.

Sasa msimamo wangu. Wapo wanaosema mchezaji apewe uhuru wote, mashine ni yake, pesa ni yake. Kwa sebuleni nakubali. Lakini nina mambo mawili ya kusema.

La kwanza ni hakimiliki. Wimbo ukiuweka kwenye mashine ya nyumbani, huo ni wako na wanao. Mashine hiyo ukiipeleka baa, umeanza kuwapigia watu muziki wa mtu mwingine kwa faida. Hata hapa kwetu sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalijua jambo hilo, na wasanii wetu wanajua uchungu wake. Ndiyo maana Stern waliingia mkataba kwanza.

La pili linanigusa zaidi. Ukiondoa muziki wa High Speed ukaweka wimbo uupendao, utafurahi, lakini umemfukuza mtangazaji. Wimbo wako haujui kama gololi yako iko hatarini. Haupandi ukikaribia ushindi, hauzimiki ukianguka. Utacheza kama mtu anayeangalia mechi huku redio inapiga taarabu: vyote vitamu, lakini havijuani. Mtunzi wa muziki wa pinboli alifanya kazi ya habari, na kazi hiyo haionekani mpaka siku umeifuta.

Kwa hiyo mimi nawapa alama AC/DC. Pale uchaguzi wako unasikika na mashine nayo inakuelewa. Kumpa mtu kitufe cha kubadilisha wimbo ni rahisi. Kuufanya mchezo wenyewe ujali amechagua nini ndiyo kazi, na ilihitaji mbunifu aliyekuwa kwenye fani hii tangu miaka ya 1970 ili kuifanya.

Nyie mnasemaje? Ungepewa pinboli yako leo ungeweka wimbo gani? Na muhimu zaidi, wimbo huo ungejuaje kama gololi inatumbukia?